Kijana Mwenye Kisukari ni Amana ya Nyumba Nzima

Likitajwa jina la kisukari mbele ya watu, wengi humfikiria mzee wa makamo, aliyenenepa, anayekatazwa halua na kuamrishwa kutembea kwa miguu. Ni wachache wanaojua kwamba iko aina nyingine ya maradhi haya, ambayo madaktari huiita aina ya kwanza. Hiyo humshika mtoto mdogo au kijana ambaye jana tu alikuwa akicheza mpira na wenziwe, na ikisha kumshika haimwachi tena. Kwa huyo hakuna kidonge cha kumeza kikatosha. Uhai wake umefungamana, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, na dawa ya insulini iingiayo mwilini kwa sindano kila siku.

Tumeona yafaa kuliandikia jambo hili kwa sababu moja kubwa. Sisi tunaosomesha vyuoni huwapokea watoto wakiwa wadogo, tukakaa nao mpaka wakabaleghe. Na umri huo wa kubaleghe ndio ambao kijana mwenye kisukari hutwikwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mzigo wa sharia: sala, saumu, na dhamana ya matendo yake. Wa pili ni mzigo wa kujitibu, kwani wazazi humwambia, "Sasa umekuwa mkubwa, sindano zako jitazamie mwenyewe." Mizigo hii ikimwangukia peke yake humwinamisha. Nyumba ikiibeba pamoja naye, husimama akaenda kama wenziwe. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa wazazi na kwa vijana wenyewe.

MARADHI YENYEWE

Nyuma ya mfuko wa chakula kipo kiungo kiitwacho kongosho. Ndicho kinachotoa insulini, na kazi ya insulini ni kuipitisha sukari kutoka katika damu ili iingie viungoni iwe nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili, iliyowekwa ili itulinde na vijidudu, hukosea adui. Huzishambulia chembe zinazotengeneza insulini mpaka zikaangamia. Hapo sukari hujaa katika damu na viungo vikashinda njaa, mfano wa maji yaliyojaa mferejini na konde likakauka, kwa kuwa mlango wa maji haukufunguliwa.

Yapasa ifahamike wazi kwamba maradhi haya hayaletwi na kula sukari nyingi. Si kosa la mama aliyempa mtoto chai tamu, wala si uchawi wa jirani, wala hayaambukizi kwa kula sahani moja. Mzazi asijilaumu, na mtoto asilaumiwe.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda ijapokuwa anakula, na uchovu usio na sababu. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huenda akaanza tena. Akicheleweshwa, damu yake hujaa asidi: hutapika, tumbo humuuma, huhema kwa nguvu, na pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Katika nchi zetu hali hii hudhaniwa mara nyingi kuwa ni malaria, na wengine husema ni jini. Saa zikapita, na huku kila saa ina thamani ya roho. Nasi twawasihi wazazi: mtoto akiwa na dalili hizi, ombeni apimwe sukari siku ile ile. Ni kitone kimoja cha damu na mashine ndogo inayoenea kiganjani, na jibu hupatikana katika muda usiotimia dakika moja.

VIJANA WAWILI WA MWAKA 1922

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na maradhi haya alikuwa akingojewa afe, na mara nyingi hakuvuka miaka miwili. Madaktari hawakuwa na la kufanya ila kumpunguzia chakula mpaka akabaki mifupa, ili apate miezi michache zaidi. Kisha katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliitoa insulini katika kongosho za wanyama mwaka 1921, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod. Na James Collip akaisafisha.

Mtu wa kwanza kupigwa sindano hiyo alikuwa kijana. Jina lake Leonard Thompson, umri wake miaka 14. Siku hiyo ilikuwa tarehe 11 Januari 1922, na dawa ya kwanza haikumfaa sana kwa kuwa haikuwa safi. Tarehe 23 ya mwezi ule ule akapewa iliyosafishwa, sukari ikashuka, akainuka kitandani. Aliishi mpaka mwaka 1935. Na wagunduzi wale waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa hiyo iwe biashara ya mtu mmoja.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule aliletwa kwa Banting msichana wa Kimarekani, Elizabeth Hughes, naye akiwa na miaka 14, akikaribia kutimiza 15. Uzito wake haukuzidi sana kilo 20. Baba yake alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Msichana huyo alipewa insulini, akanawiri, akasoma mpaka akamaliza chuo kikuu, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Hesabu ya sindano zake yakadiriwa kuwa 42,000.

Lakini katika khabari zake limo jambo moja la kutufikirisha. Karibu umri wake wote Elizabeth aliwaficha watu maradhi yake, asitake ajulikane nayo. Dawa ilimpa uhai, ila siri ilibaki kuwa mzigo mwingine juu ya mzigo. Naye alikuwa binti wa waziri, mwenye mali na wauguzi. Itakuwaje kwa kijana wa kwetu, anayeficha bomba lake la sindano ndani ya mkoba wa vitabu, na asiyekuwa na mtu wa kumwambia?

KAZI ISIYO NA LIKIZO

Twaomba wazazi wakae chini wafanye hesabu. Kijana anayepiga sindano nne kwa siku, moja kwa kila mlo na moja ya usiku, hupiga sindano 1,460 kwa mwaka. Tangu miaka 12 mpaka atimize 18 zitakuwa 8,760, mbali na kujidunga kidole ili apime. Kila mara hana budi apime mambo matatu: chakula atakachokula, dawa atakayoipiga, na kazi au mchezo utakaomchosha. Idi haimpumzishi, wala siku ya mtihani, wala siku ya msiba. Ni nani katika sisi watu wazima awezaye kuifanya kazi hiyo kila siku asichoke?

Mizani ikizidi upande wa dawa, sukari hushuka. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha milimoli, kijana hutokwa na jasho, hutetemeka, huwa mkali bila ya sababu, huchanganyikiwa, na mwisho huenda akazimia au akapatwa na kifafa. Dawa ya hapo hapo ni sukari yenyewe: vijiko vya chai vitatu au vinne katika maji, au nusu gilasi ya soda tamu. Kisha angojewe dakika 15, apimwe tena, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Akisha inuka apewe chakula. Ama aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, kwani kitampalia. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mbio.

Na liko jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Wakati wa kubaleghe, homoni za ukuaji huipinga insulini. Dawa iliyokuwa ikimtosha mtoto wa miaka tisa haimtoshi tena akifika miaka kumi na tatu, hata akila chakula kile kile. Baba huona mashine imeandika sukari kubwa, akakunja uso: "Umekwenda kuiba maandazi!" Huenda mtoto hakula andazi wala chochote. Basi akishutumiwa mara mbili tatu, hujifunza kusema uwongo. Huandika katika daftari lake hesabu nzuri za kubuni, ili apate salama ya siku ile. Daktari hulitazama daftari akaridhika, na dawa ikabaki pungufu, na mwili ukaharibika kwa ndani.

Twasema: hesabu ya mashine ni khabari, si hukumu. Mzazi mwenye busara haulizi, "Umefanya nini?" Huuliza, "Haya, tutazame sote, tufanye nini?" Maneno haya mawili yana tofauti kubwa. La kwanza hufunga mdomo wa kijana, la pili hulifungua daftari lake likaandikwa ukweli.

Wala asiseme mtu kwamba taabu hii yote ni bure. Kuanzia mwaka 1983 watu 1,441 wenye aina hii ya kisukari, wa umri wa miaka 13 mpaka 39, walichunguzwa huko Marekani na Kanada. Nusu yao walitibiwa kama ilivyokuwa desturi, na nusu wakachunga sukari yao kwa bidii kubwa, wakipima na kupiga dawa mara nyingi kwa siku. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1993 ilionekana kwamba waliojichunga walipungukiwa na khatari ya maradhi ya macho kwa asilimia 76, ya figo kwa asilimia 50, na ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Macho na figo za mtu mzima wa kesho hulindwa leo, na kijana, na jamaa zake.

KUKABIDHI KWA DARAJA

Katika vyuo vyetu hatumkabidhi mtoto msahafu tukamwambia, "Soma, mimi nakwenda sokoni." Kwanza hufundishwa herufi, kisha irabu, kisha husoma mbele ya mwalimu neno kwa neno, kisha husoma peke yake na mwalimu akimsikiliza kwa sikio moja. Hata aliyekhitimu huja akasikilizwa. Sindano nayo ikabidhiwe kwa njia hiyo hiyo.

Mtoto aanze kwa kujidunga kidole mwenyewe na mama akitazama. Kisha ajipige sindano, na mzazi athibitishe kipimo kabla haijaingia. Akizidi kukua, ahesabu kipimo mwenyewe na aseme sababu yake. Na hata akiwa na miaka 16 au 17, na mambo yote yamo mikononi mwake, baba au mama aketi naye kila usiku dakika tano waitazame mashine pamoja. Madaktari wa watoto wanaojua kazi hii huonya juu ya mzazi anayeondoa mkono ghafla, kama wanavyoonya juu ya yule anayemfanya kijana mfungwa: hana ruhusa ya kulala kwa shangazi yake, wala kucheza, wala kwenda ziara na wenziwe. Wa kwanza humtupa na wa pili humfunga, na wote wawili hawamleti kwenye utu uzima.

Kwa wasichana yako mawili ya kuongeza. Mtu akiacha insulini hukonda, na wapo wasichana waliogundua hivyo wakapunguza dawa kwa siri ili wawe wembamba. Huko ni kuchezea mauti, na mama ajue kwamba kukonda kwa binti mwenye kisukari ni jambo la kuulizia kwa upole. La pili ni uvumi usemao kwamba msichana huyu hazai, kwa hivyo akifichwe kilichompata mpaka aolewe. Uvumi huo si kweli. Mwanamke mwenye kisukari cha aina ya kwanza huzaa watoto wazima, ikiwa sukari yake imetengenea kabla ya kushika mimba na akaangaliwa na daktari mpaka ajifungue. Na ndoa iliyojengwa juu ya siri ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Mume asiyejua, mkewe akizimia usiku wa manane, atafanya nini?

SINIA MOJA

Akina mama wengi, kwa huruma yao, humpikia mtoto mgonjwa chungu chake mbali. Wenziwe wanakula wali na mchuzi kwa sinia, naye ameketi pembeni na sahani yake ya mboga zisizo na chumvi, kama aliyetiwa adabuni. Hilo si lazima. Chakula kimfaacho ndicho kiwafaacho wote: maharagwe, samaki, mboga za majani, matunda kwa kiasi, na wali au ugali au muhogo uliopimwa usiozidi. Kubwa analotakiwa kijana ni kujua kadiri ya wanga aliokula, ili alingane nao katika dawa. Basi nyumba nzima ile chakula hicho, na wazee wenye kisukari cha ukubwani, ambao hawakosekani katika nyumba zetu, watafaidika pia.

Na katika arusi na maulidi, asifichwe chumbani. Akijua kupima na kuongeza dawa kama alivyofundishwa kliniki, kipande kidogo cha halua hakitamuua. Kinachomvunja moyo ni kuonwa mbele za watu kama mwizi kila anaponyosha mkono.

MWEZI WA RAMADHANI

Hapa ndipo vijana wetu wanapopata jaribio kubwa kupita yote. Mwaka wa kwanza wa kubaleghe, mtoto aliyekuwa akingojea kwa hamu aitwe mtu mzima huambiwa na daktari kwamba asifunge. Wenziwe wakimwona anakunywa maji mchana humwita kobe. Basi huazimia kufunga kwa siri, au hufunga na akaacha sindano akidhani kwamba sindano inafungulisha.

Kwanza tuliondoe hilo la sindano. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba sindano za tiba za ngozini, za msulini na za mshipani, isipokuwa zile zinazolisha mwili, hazifungulishi, wala kutoa damu kwa ajili ya kupimwa hakufungulishi. Kwa hivyo hana udhuru wa kuacha kupima wala kuacha dawa.

Ama saumu yenyewe, Baraza hilo hilo lilikutana Sharjah mwaka 2009, likakisikiliza kilio cha madaktari, likawagawa wagonjwa wa kisukari kwa daraja za khatari. Wale ambao yathibitika kwamba saumu itawadhuru likasema yawapasa wafungue. Nayo khatari si ya kudhania. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye aina ya kwanza, 43 walifunga siku 15 au zaidi. Na kushuka kwa sukari kulikokuwa kukali kulizidi katika mwezi ule, kutoka matukio 3 mpaka 14 kwa kila watu 100.

Wapo vijana ambao sukari yao imetulia, na daktari akisha kuwapima na kuwapangia dawa upya huwaachia wajaribu chini ya uangalizi. Hilo huanza wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia saumu. Na hata hao hupima mara kadhaa mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 hufungua papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa jua kutua. Asingoje adhana.

Nawe kijana uliyekatazwa, sikiliza. Mwenyezi Mungu amemtaja mgonjwa kwa jina lake katika aya zile zile za Suratul Baqara zilizofaridhisha saumu, ya 184 na ya 185, akampa rukhsa, akabainisha kwamba awatakia waja wake wepesi. Basi anayekula kwa rukhsa yumo katika utii, kama alivyo anayefunga. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Na ambaye daktari anaona ataweza kufunga siku nyingine, hulipa. Muulize sheikh wako hukumu ya hali yako, na umwendee pamoja na maneno ya daktari. Na nyinyi wazazi, mpeni mtoto huyu sehemu katika Ramadhani: yeye awe wa kupeleka futari kwa jirani, wa kuamsha watu daku, wa kusimama tarawehe. Asione kwamba mwezi umempita mlangoni.

CHUONI, SKULI NA UWANJANI

Kwa waalimu wenzetu tuna neno. Kijana mwenye kisukari akiomba kwenda chooni, mwache aende. Akiomba maji, mwache anywe. Akisinzia juu ya juzuu na uso wake umelowa jasho, usimwinulie bakora wala usimsomee kwanza. Mpe sukari kwanza, kisha msomee upendavyo. Kila chuo kiwe na sukari na kikombe mahali panapojulikana, na waalimu wawili angalau wajue la kufanya. Mzazi naye aje awaeleze waalimu, asingoje mpaka mtoto ameanguka. Na wanafunzi wakifahamishwa, wengi wao huwa walinzi wa mwenzao. Fitina na kicheko hutoka kwa wasiojua.

Mchezo si haramu kwake. Apime kabla, awe na kitu kitamu mfukoni, na mwenziwe mmoja ajue. Wasim Akram, mchezaji mashuhuri wa kriketi wa Pakistan, alipatwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1997, akiwa tayari katika kilele cha sifa zake. Hakuacha kucheza. Aliendelea mpaka mwaka 2003, na mwaka huo akawa mrushaji wa kwanza duniani kuwatoa wapinzani 500 katika mechi za kimataifa za siku moja.

DAWA, JOTO NA GHARAMA

Insulini isiyofunguliwa huwekwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, wala isigande. Je, asiye na friji? Kuna njia ya mababu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, baina yao mchanga uliorowekwa maji, kikawekwa kivulini penye upepo. Hupoza kama mtungi unavyopoza maji. Na mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Ilionekana kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lipandalo na kushuka baina ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu zake. Hiyo ni faraja kwa maskini, ila kila mtu afuate maelekezo ya kliniki yake, na jua kali aliepuke.

Wako wanaotuuliza kama insulini hutokana na nguruwe. Zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982, ilipopewa idhini insulini ya namna ya binadamu inayotengenezwa kwa vijidudu vya bakteria, mambo yamebadilika, na insulini itumikayo leo karibu yote ni ya bakteria au ya hamira. Shaka hiyo isimzuie mtu.

Ama gharama ni nzito, hatukatai. Lakini iko mipango ya kuwasaidia watoto. Mmojawapo, ulioanza mwaka 2009 kwa jina la Changing Diabetes in Children, umefika Tanzania, Kenya na Uganda, na kazi yake ni kuwapatia watoto insulini na vipimo bila ya malipo katika kliniki zilizochaguliwa. Mzazi aulize katika hospitali kubwa ya mkoa wake. Na matajiri wetu wanaotafuta pa kuweka sadaka, vijiti vya kupimia damu ni sadaka njema kama msala na zulia la msikiti.

Mwisho, tahadhari juu ya wauzao miti na kombe wakadai kwamba wataiondoa kisukari na kumtoa mtoto katika sindano. Dua ni silaha ya muumini, nasi twaomba kila siku. Lakini mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini hufa, na mara nyingi ni jambo la siku chache tu. Anayemwambia mzazi aitupe dawa, hata akivaa kilemba kikubwa namna gani, asiaminiwe.

NASAHA

Enyi vijana mlio na maradhi haya, msione haya. Mwambieni mwenzenu mmoja mnayemwamini, kisha wa pili. Siku mtakapochoka, semeni, "Leo nimechoka," na daktari mwema atawauliza pia khabari za moyo, si za sukari peke yake. Mwili ni amana mliyokabidhiwa, na kila sindano mnayoipiga kwa nia njema ni katika kuihifadhi amana hiyo.

Nanyi wazazi, hakuna alazimishwaye zaidi ya uwezo wake. Anzeni usiku huu huu. Kaeni na mtoto wenu dakika tano, mtazame hesabu zake bila ya kukunja uso, na mwulize ni jambo gani katika siku yake lililomlemea. Kisha lishikeni hilo moja mkononi mwenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afya, awape wazazi subira, na atujaalie sote kuwa wasaidizi wa wanyonge wetu. Amin.